Mkwe, Njoo Unishikie Nguo

Mama mkwe wangu hajawahi kushika kalamu, na mimi nilifika darasa la kumi. Naanza na hilo kwa sababu siku ninayotaka kuieleza, mwenye akili alikuwa yeye. Mjinga nilikuwa mimi, na ujinga wangu niliupata kwa kusoma, tena nilisoma vizuri.

Ni miaka hii hii ya hamsini, kabla mwanangu wa kwanza hajaota meno. Mume wangu alikuwa askari Kenya. Mimi nilikaa kwa mama yake huku Nyanungu, nikilima ulezi na mihogo, nikisaga, nikinyonyesha, na jioni nikiwasomea majirani barua za waume zao. Waliniita mwalimu kwa utani. Niliupenda utani huo kuliko nilivyokubali.

Mwanangwa wetu, yaani mkubwa wa kijiji aliyewekwa na chifu, alikuwa amemwoa binti mkubwa wa mama mkwe. Kwangu basi alikuwa shemeji, mtu wa kutaniana. Kwa mama alikuwa mkwe, na kwetu Wakurya ukwe si mchezo. Tangu aoe, na watoto wake sasa wanachunga ng'ombe, hajawahi kuingia nyumbani kwa mama. Akiwa na habari husimama nyuma ya ghala la ulezi akaita, na mama humjibu kutoka ndani. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Mwanamume akiuona mwili wa mama mkwe wake, hata kwa bahati mbaya, hata mgongo tu, ni balaa. Hatoki mbele za watu mpaka apeleke mbuzi wa kuisafisha ile aibu, na hata akishampeleka, watu hawasahau.

Sasa, kwa misimu miwili akina mama tulikuwa tunaomba kliniki. Ya karibu ilikuwa mwendo wa siku nzima, na mwenye mtoto mgonjwa mgongoni haendi siku nzima akafika na mtoto. Kwa hiyo mwanangwa aliposimama nyuma ya ghala na kusema, "Mama, Jumatano kuna Mzungu anakuja. Anataka wanawake wanaonyonyesha, waje na watoto wao," nani angefikiri vingine?

"Ni daktari?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Ni mtu mkubwa. Bwana Shauri mwenyewe, mkubwa wa wilaya, amempa barua."

Mwanangwa hakusema ndiyo ni daktari, wala hakusema hapana. Mimi nilikuwa jikoni nikikoroga uji, na moyoni nilikwisha kusema ndiyo kwa niaba yake.

"Daktari gani huyu," mama aliniambia mwanangwa alipoondoka, "ambaye hajaagiza tuchimbe choo? Watu wa dawa huanza na choo."

Nilicheka. Nilimwambia, mama, mambo ya siku hizi yamebadilika.

Nilichukua daftari langu la zamani la shule, nikapita nyumba kwa nyumba. Niliandika mtoto wa nani anaharisha, nani maziwa yake hayatoki, nani ana homa ya jioni. Jirani yangu mmoja, wa rika langu kabisa, ziwa lake la kushoto lilikuwa limevimba na kuwa gumu, linawaka moto. Mtoto akilishika tu, yeye analia kabla ya mtoto. Nilimwandika juu kabisa. "Wewe utakuwa wa kwanza," nilimwambia. "Usiogope. Ukiambiwa vua, vua. Ni daktari, si mwanamume."

Maneno hayo ni yangu. Hakuna aliyeniwekea mdomoni.

Jumatano tulikusanyika uwanjani juu ya kijito, wanawake kama thelathini, tumevaa tulivyokuwa navyo. Wengine gauni la kanisani, wengine kaniki, wengine shuka. Mzungu aliiacha Landrova yake chini kwenye kijito kwa sababu njia inaishia pale, akapanda kwa miguu huku matarishi wawili wa baraza wakimbebea vitu kichwani. Vilikuwa kiti cha kukunja, sanduku la bati, turubai, na chombo cha miguu mitatu. Nilijua kamera nikiiona, shuleni tulipigwa picha kila mwaka. Nikajiambia, siku hizi madaktari wanaweka kumbukumbu.

Shemeji yangu mwanangwa alikuja na furushi la ngozi za zamani, zile walizovaa bibi zetu, alizozikusanya kwenye nyumba za wazee. Akalitua chini. "Mzungu hataki magauni," alisema. "Wavae hizi. Juu wasivae kitu."

"Kwa nini ngozi?" nilimwuliza.

"Shemeji, wewe kazi yako ni Kiingereza. Ngozi ni kazi yangu."

Wanawake waliniangalia. Thelathini wote waliniangalia mimi, si yeye, kwa sababu mimi ndiye niliyepita kwenye nyumba zao na daftari. Basi nikafanya kile ambacho mpaka leo nikikikumbuka mwili unanisisimka. Nikatangulia. Nilitaka wenzangu wasiogope. Nikafungua vifungo vya gauni langu, gauni la mikono mirefu nililoshonewa nilipomaliza shule, nikalishusha mpaka kiunoni, nikajifunga ngozi ya mtu mwingine, nikampakata mwanangu. Yule mtu akaniinua kidevu kwa kidole. Akanisogeza bega. Akamshika mtoto akamtoa kwenye ziwa, maana alikuwa ananifunika, akamrudisha upande mwingine. Akarudi nyuma ya chombo chake. Mlio mdogo, kama mtu anavunja kijiti. Tena. Tena.

"Vizuri," alisema kwa Kiingereza. "Sasa yule mrefu. Mwambie avue."

Nikamwambia avue. Akavua. Na mwingine. Na mwingine. Kila mara sauti ilikuwa yangu, kwa lugha ya mama zao.

Kisha akafika jirani yangu mwenye ziwa bovu. Alikuwa ameng'ang'ania kungoja, anatetemeka kwa homa. Alilifunua mwenyewe bila kuambiwa, akalinyanyua kwa mikono miwili mbele ya yule mtu, kama unavyomwonyesha mtu kitu ulichokibeba kwa tabu kutoka mbali. Ngozi ilikuwa imetanuka inang'aa, na pale karibu na chuchu palikuwa pamekuwa pekundu kama kaa la moto.

Mzungu alikunja uso. "Huyu hapana," alisema. "Ataharibu picha. Mwondoe."

Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. "Hutamtibu?" nilimwuliza.

"Kumtibu?" Alicheka, wala si cheko la ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. "Mimi si daktari. Natengeneza kitabu."

Shuleni kwetu kulikuwa na kitabu cha jiografia. Ukurasa wa kushoto ng'ombe mwenye pembe ndefu, ukurasa wa kulia mwanamke, kifua wazi, macho yametazama pembeni. Chini ya ng'ombe waliandika aina yake. Chini ya mwanamke waliandika aina yake vilevile. Jina hakuna. Wasichana tulikipitisha kitabu kile chini ya madawati tukicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu mimi nilikuwa na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi na nilidhani blauzi imenivusha mto. Sikuwahi kujiuliza nani alimwambia yule mama avue. Sasa nilijua. Alikuwepo mtu aliyejua lugha yake.

Halafu nikamkumbuka mume wangu. Aliniandikia kwamba kambini askari wamebandika picha za wanawake ndani ya vifuniko vya masanduku yao, na kwamba yeye anaona aibu kuzitazama. Nikaona kifuniko. Nikajiona mimi juu yake, na mwanangu, na wanaume wakipita wakienda kuoga.

"Jifunikeni!" nilipiga kelele kwa Kikurya. "Si daktari! Nimewadanganya, nimejidanganya, jifunikeni!"

Fujo ikaanza. Watoto wakalia. Mwanangwa akanijia mbio. "Shemeji, usituharibie! Mtu ana barua ya Bwana Shauri! Picha tu, picha inakula nyama yako?"

"Ungemleta mkeo basi, avuliwe yeye."

"Mke wangu hanyonyeshi." Akawageukia matarishi. "Wazuieni hapo. Hakuna anayeondoka mpaka Mzungu amalize."

Wale matarishi wakashika fimbo zao, wakasimama njiani. Mwanamke mmoja alijaribu kupita, akasukumwa akaketi chini na mtoto wake.

Hapo ndipo mama mkwe wangu aliponyanyuka.

Hakuwa ameitwa. Alikuwa amekuja kunibebea maji ya kunywa tu, akakaa pembeni na wazee wenzake. Ni mwanamke mrefu. Masikio yake yametobolewa na kuvutwa kama ya mabinti wa zamani, miguuni ana nyaya za shaba tangu goti mpaka kifundo, na anapotembea shaba hiyo inasema. Alipita katikati ya wanawake polepole, na walimpisha. Mwanangwa alipoisikia shaba ile akageuka upesi, akampa mgongo, kama heshima inavyotaka.

Mzungu alifurahi mpaka akapiga makofi. "Huyu! Huyu hasa! Tazama masikio! Mwambie atoe hiyo shuka." Na mkono wake ukafanya ishara, vidole viwili vikipeperusha kitu hewani, kama mtu anafukuza nzi kwenye maziwa.

Nilipandisha gauni langu mabegani, nikaanza kufunga vifungo.

"Amesema nini?" mama aliniuliza.

"Sisemi, mama. Leo sisemi tena."

"Usiseme. Nimeuona mkono wake. Mkono huo naujua." Akakamata fundo la shuka begani kwake. "Mwambie nimekubali."

"Mama!"

"Mwambie, mokamona." Ndivyo tunavyomwita mke wa mtoto. Alilisema kwa upole sana.

Nikamwambia Mzungu amekubali. Na mama, fundo likiwa mkononi, hakumwelekea Mzungu wala kamera. Aliuelekea ule mgongo wa koti la kaki uliosimama hatua kumi kutoka kwake, mgongo ambao kwa miaka yote hiyo haukuwahi kukaribia mlango wake, akapaza sauti:

"Mkwe! Uko wapi, mkwe wangu? Njoo unishikie nguo, nataka kumvulia mgeni wako!"

Sijui nitalielezaje hili kwa mtu ambaye hakuliona. Mgongo ule ulishtuka kama ng'ombe aliyeguswa na chuma cha moto. Kofia yake ilikuwa mkononi. Akaibandika usoni, ili hata kwa bahati macho yasimponyoke, akaanza kukimbia namna hiyo, haoni mbele, akaingia kwenye shamba la mihogo, akaanguka, akainuka, akaanguka.

"Mama, nakuomba!" tulimsikia kutoka kwenye mihogo. "Mama, usifanye hivyo! Nina watoto!"

"Watoto wako nawajua, niliwapokea kwa mikono hii! Wewe ndiye uliyetaka wanawake wavue. Na mimi ni mwanamke, au umenisahau?"

Wazee wenzake walielewa kabla yetu. Sisi wanawake wa kijiji kimoja huku tumeletwa kutoka koo mbalimbali, na mabinti zetu wameolewa koo mbalimbali. Hakuna mwanamume anayeweza kusimama kwenye kundi la wanawake wazima asimkute mama mkwe wake, au dada ya mama mkwe wake, ambaye ni yule yule. Bibi mmoja asiye na jino akanyanyuka, akashika fundo lake. "Na mimi! Yule mwenye fimbo si amemwoa mtoto wa dada yangu? Baba, njoo unishikie!" Tarishi alitupa fimbo. Wa pili hakungoja kuitwa jina. Wazee watano wakasimama mstari mmoja na mama, kila mmoja na mkono begani, na hakuna hata mmoja aliyefungua fundo. Hapakuwa na haja. Mikono ile mikavu, yenye mishipa kama mizizi, imeshika tu, na wanaume wa serikali wanakimbia.

Nimeona mambo. Nimeuona mto Mara umejaa mpaka unabeba ng'ombe. Sijaona kitu kama ile mikono sita.

Mzungu alibaki peke yake na kamera yake. "Kuna nini?" aliniuliza. "Amesema nini yule mama?"

"Amekubali," nilimjibu kwa Kiingereza. "Ila hakuna mwanamume anayeweza kubaki. Na wewe ufanye haraka, mvua inakuja, na vitu vyako vipo vingi."

Akatazama huku na huku. Wingu kweli lilikuwa linapanda kutoka upande wa ziwani. Akawaomba wanawake wambebee, atawapa chumvi. Nikasema, kwanza nipe filamu. Akasema hawezi, ni mali yake. Nikaketi chini, nikamnyonyesha mwanangu chini ya gauni langu. Wenzangu nao wakaketi. Tulikaa. Matone ya kwanza yalipoanza kugonga bati la sanduku lake, akakifungua chombo kwa hasira, akatoa kitu na kunitupia magotini.

Shuleni nilifundishwa kwamba filamu ikiona mwanga inakufa. Niliivuta palepale, ikatoka ndefu, inang'aa, inajikunja kama utumbo wa mbuzi, na wazee wakacheka wakasema leteni mtaalamu wa kusoma matumbo aisome. Hakuna aliyembebea kitu. Alishuka mara mbili hadi kijitoni, mara ya pili na kiti kichwani, kinayumba.

"Mpeni ngata!" mtu alipiga kelele.

"Ngata itasaidia nini? Shingo hiyo haijabeba hata mzigo wa kuni."

"Na miguu je! Tazameni miguu, kama ya korongo aliyechemshwa!"

Tulimtazama kweli, kutoka kisogoni mpaka kwenye visigino, tukaucheka mwili wake kiungo kwa kiungo. Padri angesema nijute. Sijajuta bado.

Jioni ile mama aliniita nimsugue mgongo. Hakuwa amewahi kuniomba hivyo. Alikaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, na nilipoishusha shuka yake niliona mabega yake yamebonyea, pande zote mbili, ngozi imekuwa ngumu na nyeusi kama kisigino. Nikauliza ni nini. Akasema ni vita vya Wajerumani. Alikuwa ameolewa juzi tu. Askari walikuja kutafuta wapagazi, wanaume walikuwa wamekimbia, wakawapanga wanawake mstari. Waliwafungua midomo kutazama meno. Walibonyeza mapaja. Mkubwa wao alikuwa na ishara ya vidole viwili kwa yule anayetakiwa kuvua. "Tulibeba risasi zao mpaka siku sizikumbuki. Na tukifika kambini..." Nikammwagia maji. "Siku ile hapakuwa na mkwe hata mmoja wa kumwita," alisema. "Wote walikuwa wageni."

Nilimsugua muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilikuwa nasugua mgongo uliobeba vita vya watu, na kuzaa watoto tisa, na leo asubuhi kunibebea mimi maji. Mikono yangu ilikuwa na woga, kama ninaposhika kikombe cha komunyo.

Jirani yangu tulimpeleka kliniki kwa zamu mgongoni, siku nzima. Alipona. Ziwa lile halitoi maziwa.

Siku ya nne mwanangwa alikuja nyuma ya ghala na mbuzi, jike zuri jekundu. Hakuwa ameona kitu, lakini moyo wake ulikuwa umeona. Akaita kwa sauti ya chini, akasema amekuja kusafisha.

"Mimi hukunivua," mama alimjibu kutoka ndani. "Fundo langu lipo palepale. Huyo mbuzi si wangu."

"Sasa ni wa nani, mama?"

"Yupo aliyevuliwa hapa nyumbani. Mpelekee."

Mbuzi wa aibu hapewi mwanamke kijana. Haijawahi kutokea. Sisi tunaolewa kwa ng'ombe, tunatazamwa kama ng'ombe wale wanavyotazamwa, na mtu akituaibisha mbuzi anaenda kwa baba au kwa mume. Nilisimama mlangoni na mtoto kiunoni, nikamwona shemeji yangu, mtu mzima, anauzunguka ukuta wa ghala na kamba mkononi. Hakunitania. Alinikabidhi ile kamba kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema, "nimekosa."

Sikumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu. Nilipokea kamba.

Watu walitaka tumchinje. Nilikataa. Amezaa mara mbili sasa, namfunga pale njiani makusudi, na mpita njia akiuliza mbuzi mzuri huyo wa nani, namweleza ni wa nini, mwanzo mpaka mwisho, na sehemu ya daftari langu siiruki. Maana sanduku la yule mtu lilikuwa na filamu nyingine ndani, na mimi nilikuwa wa kwanza kupigwa. Sijui kama aliyonitupia ndiyo yenye mimi. Nikienda dukani Sirari kununua sabuni, kabla sijasalimia natazama picha za ukutani.